Mlango Uliofungwa kwa Ajili ya Kuku

Tawasifu ya Nekesa ilikuwa na kurasa nne za karatasi ya kung'aa, na kwenye jalada picha yake ya rangi, amevaa kofia kubwa ya harusi ambayo nina hakika haikuwa yake. Nilipewa nakala pale mazishini Matulo kabla sijashuka vizuri kwenye pikipiki. Nikaketi chini ya hema kati ya akina mama wa kanisa lake, mimi peke yangu nikiwa na hijabu, nikaanza kusoma kama mwalimu asomavyo, yaani kutafuta makosa. Yalikuwapo ya kutosha. Kitale alifundisha miaka sita, wao wameandika minne. Nikafika ukurasa wa tatu: "Akiwa Kitale, marehemu alimwokoa rafiki yake, mwanamke Mwislamu aliyekuwa amefungiwa ndani na mama mkwe wake, mpaka habari hiyo ikaonyeshwa kwenye runinga, nchi nzima ikaona." Jina la huyo rafiki halikuandikwa. Kwenye runinga pia halikuandikwa. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikiitwa mwanamke Mwislamu, utadhani mama yangu alinipeleka kwa msajili akasema huyu mtoto aitwe hivyo.

Mercy, binti yake Nekesa wa miaka kumi na mitano, alikuja akachuchumaa kando ya kiti changu. Macho yalikuwa yamevimba lakini alijitahidi kutabasamu. "Auntie Zaina, umeona hapa? Mimi ndio niliambia wajomba waandike. Mama alikuwa anatuambia hiyo hadithi kila Krismasi. Emsii atakuita uongee kidogo, sawa?" Nikasema sawa. Mtoto amefiwa na mama yake wiki hiyo, ungemjibu nini? Akaenda, nami nikabaki pale saa mbili nzima, hotuba zikipita juu ya kichwa changu, nikijua mambo matatu: kwamba sentensi ile ni ya uongo, kwamba uongo wenyewe niliutunga mimi, na kwamba nikisimama kuusahihisha nitamnyang'anya msichana huyu kitu kizuri kuliko vyote alivyoachiwa. Nimewahi kukaa mahali ambapo siwezi kutoka wala siwezi kukaa. Ilikuwa mwaka ule wa Kitale, nikiwa na miaka ishirini na minne.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili nyuma ya maghala ya mahindi, kwenye ploti ya Mama Wambui, mjane wa Kikikuyu aliyekuwa akiuza mbegu na mbolea mjini. Kuta zilipakwa rangi ya buluu ya mafuta hadi kifuani, na kutoka hapo juu chokaa. Dirisha moja lilitazama mfereji ambapo ploti nzima ilichota maji, nalo lilikuwa na nondo nene, kama madirisha yote ya Kitale, kwa sababu wezi wa Kitale hawabagui dini. Mume wangu, Juma, alikuwa dereva wa lori la mahindi. Asubuhi alikuwa akinipeleka shuleni kwa baiskeli kabla ya kwenda kazini, nimekaa nyuma na mkoba wa madaftari, na tukifika langoni watoto wa darasa la tatu, wengi wao wa mtaa wa mabanda wa Kipsongo, walikuwa wakipiga kelele, "Mwalimu, bwana yako anachoka!" naye alikuwa akijifanya ameishiwa pumzi na kuiangusha baiskeli. Alikufa mwezi wa pili, lori lilipopinduka likiwa tupu. Tukamzika siku hiyohiyo kabla ya magharibi, nami nikaingia ndani kukaa eda, miezi minne na siku kumi, bila manukato, bila wanja, bila kutembea ovyo.

Aliyekuja kukaa nami ni mama mkwe wangu, Mama Saada. Alizaliwa Malakisi, na ujana wake wote aliumalizia kwenye tumbaku, akiyatunga majani kwenye vijiti yakaushwe, hata vidole vyake vilikuwa bado na rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni. Alikuwa amemzika mwanawe wa kiume wa pekee, lakini ni yeye aliyekuwa akiamka kunipikia uji. Mchana alipika ugali na mrenda, akakaa mkekani mbele yangu kuhakikisha nimemeza. Kuongea hakuongea sana. Mazungumzo niliyapata dirishani, kutoka kwa wanawake wa mferejini, waliodhani kwamba mtu asiyeonekana hasikii. "Huyu anatoka lini?" mmoja aliuliza siku moja. "Ati dini yao haikubali. Ati hata jua hafai kuota." Nikasikia ndoo ya Mama Wambui ikitua chini. "Wachaneni na yeye," akasema. "Bwanangu alipokufa, siku ya nne nilikuwa shamba napalilia na kilio kwa mdomo. Hakuna mtu aliniambia nilale. Huyo afadhali analala." Nilicheka peke yangu kitandani, kisha nikalia, na katika siku zile vitu hivyo viwili vilikuwa havina mpaka.

Nekesa alikuwa akija kila Ijumaa baada ya shule. Yeye alifundisha darasa la nne, mlango unaofuata wangu, na tangu siku niliyoajiriwa tulikula chakula cha mchana kwenye bakuli moja. Alikuwa mkubwa wa mwili na wa sauti, na alibisha mlango kama askari kanzu. Mkononi alibeba mfuko wa gunia wenye madaftari arobaini na matatu ya darasa langu, akiyaleta kwa miguu kutoka upande ule wa mji ili mimi niyasahihishe na Jumatatu mwalimu mkuu ayaone yakiwa na kalamu yangu nyekundu. Hiyo ilikuwa akili yake yeye, sikumwomba. Mwalimu mkuu alikuwa ameshasema kwamba atanishikia darasa hadi muhula wa pili ufunguliwe, na baada ya hapo ataajiri mwingine. Shule ilikuwa ya mtu binafsi, mkataba wangu ulikuwa wa maneno, na muhula ulikuwa unafunguliwa mwezi mzima na zaidi kabla ya eda yangu kwisha. Darasa la tatu ndilo lililokuwa limebaki mikononi mwangu. Nyumba ilikuwa ya kodi, Juma alikuwa udongoni, na bila darasa nilikuwa sijui mimi ni nani.

Mama Saada aliyajua hayo pia. Asubuhi moja alijifunga kanga, akaenda msikitini kumuuliza maalim, akarudi na jibu kabla chai haijapoa. "Maarim amesema unaweza kwenda," akaniambia, kwa Kiswahili chake cha Malakisi. "Mchana, kazi ya harari, bora urudi jua harijazama. Amesema shida ni shida, Mungu si mgumu hivyo." Jioni hiyo alitia makaa kwenye pasi, akainyoosha gauni yangu ya kazini na mtandio mweupe, akavitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Vilikaa pale vikinitazama. Mlango ulikuwa wazi, jamani. Lakini kila nilipojaribu kuwaza ile njia, mawazo yalifika kwenye lango la shule yakakataa kuendelea, kwa sababu pale palikuwa na watoto arobaini na watatu ambao wangetazama nyuma yangu kumtafuta mtu wa baiskeli. Nikamwambia Mama Saada bado sijawa tayari. Hakunilazimisha.

Ijumaa iliyofuata Nekesa aliketi kitandani, akala mandazi mawili, akaniambia mwalimu mkuu ameanza kuhoji watu. "Zaina, rudi hata nusu siku. Mimi nitakushikia asubuhi." Nikamtazama. Nilitaka kumwambia, Nekesa, siwezi, nikifika langoni nitaanguka. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikijulikana pale shuleni kwa ukakamavu, mimi ndiye niliyewakanya walimu wenzangu wanaolia mbele ya wanafunzi. Nikashika njia ya mkato. Nikasema, "Siruhusiwi."

"Nani amekataa?"

"Dini."

"Dini gani hiyo inataka mtu akose ugali?" Alicheka, halafu akaona mimi sicheki. Akayageuza macho akamtazama Mama Saada, aliyekuwa uani akipepeta mchele, na nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika. Ningeweza kusema hapohapo, ah, nakutania, ruhusa ipo. Sikusema. Nilihisi nafuu, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa hadi leo. Nilikuwa nimempa mtu mwingine mzigo wa woga wangu, na aliyeubeba alikuwa bibi kizee anayenipepetea mchele.

Wiki mbili baadaye Nekesa alikuja na msichana wa runinga na kijana wa kamera. Nataka niseme kweli kuhusu yule msichana: alikuwa na adabu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akanipa pole kwa mikono miwili, na chai akanywa. Nekesa alinivuta kando akaninong'oneza, "Usiogope. Nchi ikisikia, hawa wazee wa kwenu watakuachilia, na mwalimu mkuu ataona haya kukufuta. Mimi niko." Macho yake yaling'aa. Alikuwa amepoteza siku mbili za kazi kumtafuta msichana yule. Nikakaa kwenye kiti karibu na dirisha. Kijana wa kamera akatoka nje, akasimama mferejini, akanipiga picha kupitia zile nondo za Mama Wambui. Msichana akaniuliza habari za Juma, nikajibu. Akaniuliza eda ni nini, nikamweleza vizuri kabisa, kama mwalimu, sababu zake na siku zake na kwamba kwa haja mtu hutoka. Hayo yote hayakuonekana popote baadaye. Kisha akauliza, "Mwalimu, sasa hivi unaweza kusimama ukaenda hadi barabarani?"

Nekesa alikuwa amesimama mbele yangu, amekunja mikono. Nikasema, "Siwezi."

"Nani amekukataza?"

Sikujibu. Lilikuwa swali rahisi mno, na jibu lake lilikuwa neno moja, lakini ningelitamka, Nekesa angejua. Nikatazama viatu vyangu. Wakati huohuo kuku wa Mama Wambui, ambao walikuwa na tabia mbaya ya kuingia nyumba za watu wakanyee mikeka, walikuwa wanaikaribia baraza, na Mama Saada akatoka jikoni, akasema "Shuu, tokeni," akaufunga mlango. Kijana wa kamera alikuwa amerudi ndani. Alimnasa vizuri sana akiufunga.

Habari ilionyeshwa Jumapili saa moja jioni. Sisi hatukuwa na runinga. Mama Saada alialikwa kwa Mama Wambui, na mimi nikasikiliza kupitia ukutani. Kwanza nikasikia mawimbi ya bahari. Mimi bahari nilikuwa sijaiona, mimi Mbukusu wa Bungoma, maji makubwa niliyoyajua ni ya mto Nzoia ukifurika. Kisha muziki wa udi na ngoma, na sauti nzito ya mwanamume ikisema mambo ya mila za kale na maisha nyuma ya pazia. Kisha yule msichana akauliza, "Nani amekukataza?" na hakukuwa na kitu. Walikiacha kimya changu kikaenda, kikaenda, wakakitilia muziki chini yake, na halafu nikasikia mlango wetu ukifungwa, taratibu, bila kuku. Mama Saada akarudi. Akakusanya vyombo ambavyo alikuwa ameshaviosha, akaviosha tena. Nilimwita, "Mama." Akasema, "Rara, mwanangu," bila kugeuka.

Maji yakimwagika hayazoleki. Sokoni mwanamke mmoja alikataa kumuuzia Mama Saada sukuma, akamwambia akafungue mtoto wa watu kwanza. Alirudi na kikapu kitupu akadai sukuma zilikuwa zimekauka. Ukweli niliupata dirishani, kutoka kwa wale wa mferejini. Redioni watu walipiga simu asubuhi nzima kunijadili. Mmoja alisema wanawake wetu wanateseka, mwingine akasema wanatunzwa kama lulu, na wote wawili walikuwa wanaume. Kisha kamati ya msikiti nayo ikataka zamu yake. Waliniletea karatasi iliyopigwa chapa, nikapigiwa simu na kituo cha redio, nikasoma: "Mimi ni mwanamke wa Kiislamu niliye huru, na ninajivunia heshima niliyopewa." Hakuna aliyeniuliza kama ninakubali. Ndani ya siku tisa nilikuwa mfungwa, nikawa lulu, nikawa shahidi, na kati ya hao wote hakuna hata mmoja aliyekuwa amefiwa na Juma. Nimefikiria sana tangu wakati huo kwa nini hawakuweza kuniona nikiwa na huzuni tu, huzuni ya kawaida, kama ya Mama Wambui shambani na kilio mdomoni. Nadhani mwanamke wa Kiislamu katika midahalo hii ana kazi mbili: kufungiwa au kufunguliwa. Akiketi tu kwenye kiti akiwaza mumewe, wanaona hakuna habari. Lakini hasira hiyo nayo imenisaidia kupita kiasi, kwa maana kila ninapowalaumu wao sihitaji kujilaumu mimi.

Mwalimu mkuu hakuona haya. Aliona kamera. Alimtuma Nekesa mwenyewe aje kuniambia kwamba wazazi hawataki shule yao itajwe kwenye mambo ya dini, kwa hiyo nipumzike. Nekesa alilia mlangoni kwa sauti yake ile kubwa. "Hii maneno yote ni yangu," alisema. "Nilikuwa nataka tu utoke." Hapo ndipo ningesema. Nilimtazama mtu aliyenipotezea kazi kwa kuniamini, nikamwambia, "Si kosa lako," nikaishia hapo. Ijumaa iliyofuata hakukuwa na madaftari ya kuleta, lakini alikuja, akabisha. Nikamwambia Mama Saada amwambie nimelala. Akaja Ijumaa nyingine. Mama Saada akaenda tena mlangoni, na nikamsikia yule bibi mkweli akisema uongo kwa ajili yangu kwa mara ya pili, "Amerara, mama. Labda kesho." Nekesa akasimama barazani kitambo, kisha nikasikia viatu vyake vikiondoka kwenye kokoto.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa gauni iliyokuwa msumarini, nikahamia Bungoma, nikapanga chumba karibu na soko na kuanza kufundisha chekechea. Nilidhani nimetoka. Siku ya tatu muuza nyanya alinikodolea macho. "Wewe si ure mama wa TV? Ure wa dirisha? Kumbe uritoloka." Nikamwambia sikutoroka, nilimaliza siku zangu. "Haya, hongera kutoloka," akasema, akaniongeza nyanya mbili. Na imekuwa hivyo mpaka leo. Kukizuka mjadala wa hijabu shuleni, au bomu likilipuka mahali nisipopajua, au mzee fulani akioa mtoto, mtu huitoa picha ile ya dirisha na kuibandika juu ya maneno yake. Siku hizi inatembea kwenye simu. Nimepata mvi na kisukari, lakini yule wa nyuma ya nondo bado ana miaka ishirini na minne na bado hajajibu swali. Mama Saada aliaga dunia mwaka wa pili baada ya hapo, kwa watu wa Kitale akiwa yule mama aliyefunga mlango. Kule kwenye simu anaufunga bado. Nekesa nilikutana naye mara chache, kwenye harusi, kwenye kituo cha magari pale Webuye. Tuliulizana habari za watoto. Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawakuiona yangu.

"Sasa yule rafiki wa Kitale," emsii akasema, "aje atuambie venye mama alimwokoa." Vichwa vikageuka, na simu kadhaa zikainuliwa. Nikapewa kipaza sauti. Mercy alikuwa mstari wa mbele, amenyoosha mgongo, amejiandaa kufurahi.

"Naitwa Zaina," nikasema. "Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Sikufungiwa na mtu yeyote. Mama mkwe wangu aliitwa Mama Saada, mtu wa Malakisi, na alinipigia pasi nguo ili niende kazini. Siku ile ya runinga alikuwa anafukuza kuku. Mimi ndiye niliyeshindwa kutoka, kwa uchungu wa kufiwa. Niliona aibu kumwambia Nekesa siwezi, nikamwambia siruhusiwi. Aliamini, kwa sababu alikuwa rafiki. Lakini kila Ijumaa alibeba madaftari arobaini na matatu kwa miguu ili nisifutwe kazi. Hilo halimo kwenye karatasi hii, na hilo ni kweli."

Emsii akasema, "Amina, asante mama, Mungu ni mwema," kwaya ikasimama. Niliporudi kwenye kiti mama mmoja wa kanisa alinishika mkono akaninong'oneza, "Pole sana. Hao watu walikutesa. Lakini sasa uko huru." Nikamshukuru. Sikuwa na nguvu za kuanza upya.

Mercy alinikuta baadaye jikoni, kule wanawake walikokuwa wakipakua ugali. Alikuwa ameikunja ile tawasifu mara nyingi hadi ikawa ndogo kama kibiriti.

"Kwa hivyo mama hakujua," akasema.

"Hakujua."

"Na namba yako alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo. Na mimi yake."

Akajaribu kukikunja tena kile kikaratasi ambacho hakikuweza tena kukunjika. "Hiyo hadithi yake, auntie, ilikuwa na mwisho. Hukuweka kwa hotuba. Alikuwa anasema alirudi mara mbili na hukutoka. Ati labda yule bibi alikuziba mdomo, ati labda hata hukujua ni yeye anabisha. Hiyo ndiyo ilikuwa inamuuma."

Nilikuwa nimeshika sahani ya mtu. Nikaiweka chini.

"Nilijua ni yeye," nikamwambia. "Nilikuwa nimekaa kitandani. Nilimsikia mara zote mbili."